Chujio Langu Kwenye Pua ya Gari

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua. Ng'ombe ametoa kidogo, ana hasira na hii kelele ya jioni. Nimeenda kuchuja maziwa, chujio hakuna. Nimetafuta kwa kabati, kwa ndoo, chini ya meza. Mwisho nimechuja na kitambaa. Unywele wa ng'ombe ukaingia kwa chai ya Mzee, mume wangu. Ameunywa. Hakujua.

Baadaye nimeliona. Liko mbele ya gari ya mkwe, limefungwa na waya pale palipokuwa na taa ya chini. Chujio langu. Kwenye pua ya gari.

Huyu mkwe, Barasa, ana miaka miwili na Nanjala wangu. Anauza misumari na paipu kwa hadiwea hapa Kitale mjini. Mahali anapanga hakuna pa kuweka gari, kwa hivyo gari inalala kwangu, kwa kibanda cha mahindi. Nanjala naye yuko kwangu tangu mwezi jana, kwa sababu ya mimba. Kila jioni mkwe yuko hapa. Anasalimia bibi yake dakika moja, halafu anaenda kusalimia gari. Hapo ndipo anakaa.

Upuzi mtupu.

Jumatano, 5 Machi

Nimejua anachofanya. Mzee ameniambia, macho yanamng'aa kama ameona malaika.

Ati hii gari ina tabo. Tabo ni kitu kama konokono wa chuma, kinasukuma hewa kwa injini ili gari ikimbie. Ati injini ya tabo haipendi hewa ya moto. Ilikuja na sanduku lake la kuvutia hewa, jeusi, zuri, limekaa juu kabisa ndani ya boneti. Barasa ameling'oa. Sasa anatengeneza la kwake, na paipu ya choo. Itatoka kwa injini, ishuke chini, mdomo ukae nyuma ya bampa ambapo hewa ni baridi. Na kwa huo mdomo ndiyo ameweka chujio langu, lisiingie jiwe.

Watu waliotengeneza gari walikaa wakafikiria, wakaweka sanduku juu. Anakuja muuza misumari anasema walikosea.

Siwezi kumwambia. Kwetu mama mkwe na mkwe hawasemezani ovyo. Sijawahi kumwita jina lake mbele yake. Simpi mkono, sikai naye meza moja. Nikitaka kitu namwambia Nanjala, Nanjala anampelekea. Nikikasirika sana nasema na kuku, na yeye anasikia.

Leo nimesema na kuku. Nimesema, "Wewe kuku, toka hapo mbele ya hiyo gari. Mwizi wa chujio hashindwi kuiba kuku."

Barasa akajivuta zaidi chini ya gari. Miguu tu ndiyo ilikuwa inaonekana.

Jumamosi, 8 Machi

Ameshinda hapa siku nzima. Mwanamume akilala chini ya gari, shati linapanda, tumbo liko nje. Mimi kama mama mkwe siwezi kupita hapo. Nimechota maji nikizungukia nyuma ya zizi, kwenye matope. Ndoo sita. Nimehama boma langu mwenyewe.

Amewasha jiko langu kupinda paipu. Amejaza mchanga ndani, ule mchanga wa Mzee wa kujenga choo, ati paipu isibonyee ikipata moto. Akaizungusha juu ya makaa kama mtu anachoma muwa. Harufu! Nguo zangu zote kwa kamba zimenuka. Nanjala ametapika. Nimetoka nje na mwiko mkononi nikamwambia mbwa, "Simba, kuna mwanamke mjamzito kwa hii nyumba, ama umesahau?"

Barasa akabeba jiko akaenda nalo hadi kule shambani. Hiyo heshima anayo, siwezi kumnyima.

Lakini paipu ilipindika vizuri. Hiyo pia siwezi kumnyima. Imefanya shingo kama ya bata.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria mwaka jana.

Niandike tu. Mwaka jana Nanjala alikuwa kwa wakwe, Malakisi. Mtoto wa kwanza. Uchungu ukaanza, gari hakuna. Wakangoja jirani amalize kupakia tumbako. Walipofika Bungoma daktari alimwokoa mama. Mtoto hapana. Alikuwa msichana.

Daktari yule alisema akishika tena mimba, uchungu ukianza tu aletwe kwake, asingoje hata chai. Ndiyo maana gari ilinunuliwa. Hiyo tu. Si ya kukimbia. Si ya hewa baridi. Ni ya kutoa mtoto wangu hapa Kitale, kumfikisha Bungoma.

Na sasa ameifungua kifua.

Mtu anaweza kuwa na digrii ya ujinga.

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa Nanjala. Wao wako nje kwa benchi. Ukuta wa mbao, nasikia yote.

Nanjala alikuwa anakunywa soda na mrija. Akamwuliza, "Lakini hii paipu inasaidia nini kweli? Niambie kama unaambia mtu wa nasari."

Akasema, "Injini ni wewe na hiyo soda. Paipu ni mrija. Inavuta tu, haijui inavuta nini. Ukiweka mrija mahali kuna joto, inavuta joto. Ukiweka kwa baridi, inavuta baridi, inapata nguvu."

"Na ukiweka kwa uji wa Mama?"

"Hapo itanenepa kama wewe."

Wakacheka hao. Nanjala alicheka mpaka akashika tumbo. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Malakisi. Nikasimama na mwiko, uji ukashika chini.

Bado ni upuzi. Lakini acheke.

Jumamosi, 15 Machi

Gari imewashwa. Wele, Mungu wangu! Kukanyaga mafuta inavuta pumzi kama mtu ameshtuka, kuachilia inatema, pshhhh, kama paka ameona nyoka. Kuku wameruka ua. Ng'ombe amemwaga maziwa. Mama Wanjiru jirani amekuja mbio na panga, alidhani ni nyuki.

Akaangalia boneti. Paipu ya choo. Mipira ya tyubu ya baiskeli imefungwa kila mahali kama bandeji. Debe la mafuta ya kupika limekatwa likapigwa bapa, ati ndilo ukuta wa kuzuia joto. Bado limeandikwa bei. Na chujio langu.

Mama Wanjiru akasema, "Mama Nanjala, hii si gari. Hii ni jikoni yako imetoroka."

Nilicheka. Halafu nikaona aibu, kwa sababu ni mkwe wangu anachekwa na mimi ndiye nacheka.

Mzee akapanda mbele, wakaenda wakijaribu mpaka Kiminini. Alirudi bila kofia. Ilipeperuka na hakujali. Akaniambia, "Ilituvuta kama ng'ombe amesikia harufu ya chumvi!" Mzee wa miaka sitini na nane. Nimeolewa na mtoto.

Lile sanduku la zamani lilitupwa kwa kona ya kibanda. Kuku wangu mwekundu alishaingia ndani akataga, tangu juzi anayalalia mayai. Nimemwekea nyasi na mayai ya wenzake. Angalau sasa lina kazi.

Jumanne, 18 Machi

Kuku mwekundu bado ameketi. Hataki kuinuka. Nimempelekea maji hapo hapo.

Nanjala miguu imevimba. Nimemkanda na maji ya chumvi. Ananiuliza, "Mama, safari hii itakuwa sawa?" Nimemwambia itakuwa sawa. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya zizi kidogo.

Barasa ameleta ndizi na maembe, akaacha mlangoni. Ameweka pia sabuni ya kuoshea chujio. Sabuni! Chujio lenyewe liko wapi? Huyu mtu anafikiria na nini?

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Imepiga mabati mpaka hatusikizani. Watu wanakimbia kupanda.

Barasa alikuja mchana akiwa amelowa. Akaenda moja kwa moja kwa kibanda. Nanjala akanieleza baadaye: ati tangu mwanzo alisema mvua ikianza atarudisha sanduku la zamani mpaka kiangazi, kwa sababu ya maji ya barabarani. Hakuniambia mapema, ati ningepata jambo lingine la kuambia kuku.

Akamkuta kuku mwekundu ndani ya sanduku. Akainama. Akanyoosha mkono. Kuku akamdona.

Mimi nilikuwa mlangoni jikoni. Na moyo wangu ulikuwa umejaa chujio, na mchanga, na ndoo sita za matope. Nikasema kwa sauti, "Kaa hapo kuku wangu. Kaa kabisa. Hakuna mtu atakutoa kwa nyumba yako. Wewe hukwenda kung'oa vitu vya watu."

Barasa akasimama. Maji yanamtiririka kwa pua. Mkwe hawezi kubishana na mama mkwe. Akaondoa mkono, akafunga mlango wa kibanda polepole, akaenda zake.

Nilisikia raha. Nikapika chapati.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua haijaacha. Nimelala vibaya.

Nimemwambia Nanjala, mwambie mume wako mdomo wa hiyo paipu uko chini sana. Akasema, "Mama, anajua. Si ni wewe ulimkataza sanduku?"

Sikukataza. Nilisema na kuku.

Nimeenda kwa kibanda nikamwangalia kuku mwekundu. Nikafikiria kumhamisha. Lakini kuku akitolewa kwa mayai hapo katikati anaweza kuyaacha. Na tumbo la Nanjala bado lina wiki mbili, nesi alisema. Kuku ataangua kabla. Nimemwacha.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika Bungoma, nje ya wodi, nyuma ya karatasi ya maombi ya kanisani. Niandike kabla sijasahau vile ilikuwa.

Uchungu ulianza baada ya chakula cha mchana. Wiki mbili mapema. Nanjala alishika meza akasema tu, "Mama." Mzee akapiga simu hadiwea. Barasa alikuja mbio na aproni ya kazi. Mvua imefunga kila kitu, mlima hauonekani. Mzee akabaki na ng'ombe. Mimi nikaingia nyuma, kichwa cha Nanjala kwa mapaja yangu. Mbele karibu na mkwe siwezi kukaa.

Niseme ukweli, gari ilitembea. Kiminini, Kamukuywa, tulipita kama tumerushwa. Ile pshhhh yake kila kona. Nilikuwa naichukia na naiombea.

Kabla ya Misikhu barabara inashuka. Pale chini maji yalikuwa yamekata barabara, mekundu, yanatoka shamba hii yanaingia shamba ile. Lori la miwa lilipita mbele yetu, likatoa mawimbi. Kando kulikuwa na wanaume wa kusukuma magari, wameshika magunia vichwani, wanangoja mtu azime ili walipwe.

"Mkubwa, ingia! Ni maji ya bata hii!"

"Kanyaga mafuta, bana! Usiogope kama mtoto anaogeshwa!"

Fisi hao. Nanjala akapiga kelele. Barasa akamwangalia kwa kioo, uso wake mweupe kama unga. Akakanyaga mafuta. Nikasikia injini inavuta pumzi, ile pumzi ya kushtuka, na maji yako pale pale mbele, na mimi kichwani naona kitu kimoja tu, Nanjala kwa benchi na soda yake. Inavuta tu. Haijui inavuta nini.

Nikapiga kelele, "Barasa! Mrija!"

Akakanyaga breki. Gari iliteleza ikasimama magurudumu ya mbele yameguswa na maji.

Wipa tu.

"Mrija ga..." Halafu akaelewa. Akaweka kichwa kwa usukani kama mtu anasali.

Nanjala, na uchungu wote huo, akasema, "Mama, umemwita jina."

"Nyamaza, pumua."

Barasa akatoka. Akafungua boneti mvuani. Ile mipira ya baiskeli niliyoidharau, aliikata na kisu ikaachia mara moja. Kitu cha kiwanda kingetaka spana na fundi. Akavuta paipu kutoka nyuma ya bampa, akaigeuza, ile shingo ya bata ikaangalia juu. Lakini sasa haina pa kukaa, na boneti haifungi. Anaangalia huku na huku, ana mikono miwili tu.

Nikashuka. Nikavua leso kiunoni, nikabaki na rinda lililolowa mbele ya mkwe, Wele anisamehe. Nikashika paipu. Yeye akafunga. Mikono yetu ikashikana kwenye hilo fundo. Mikono yake ilikuwa baridi, bado haina sugu kama yangu. Nilikuwa sijui ni kijana hivyo.

Akasema, "Mama, kaza hapo."

Nikasema, "Nimekaza. Twende."

Leso ya harusi ya mama yangu, imeshika boneti na paipu ya choo.

Tukaingia majini polepole, yeye ametoa kichwa kwa dirisha aone njia. Maji yalifika kwa mlango. Yakaingia kidogo kwa miguu yangu. Injini ikanguruma, haikukohoa. Wale wa magunia wakatupisha. Nyuma yetu gari ingine, nzuri, safi, ya mtu aliyevaa tai, iliingia ikazima katikati. Hao wakaiendea wakiimba.

Daktari alikuwepo. Walimchukua Nanjala wakaenda naye wakikimbia. Barasa na mimi tukabaki kwa benchi moja, yeye huku, mimi kule, maji yanatutoka. Hakuna aliyesema kitu. Hakukuwa na kuku.

Jua lilikuwa linatua nesi alipotoka. Msichana. Analia vizuri. Mama yuko sawa.

Barasa alilia. Niliangalia ukuta ili alie vizuri.

Ijumaa, 28 Machi

Anaitwa Nafula. Mtoto wa mvua, angeitwa nani tena.

Ana masikio ya Barasa. Atakua, nywele zitayafunika.

Daktari alisema tungechelewa kidogo ingekuwa hadithi nyingine. Nimesikia. Nimekunywa chai yote bila sukari, sikujua mpaka kikombe kikaisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumerudi Kitale. Kuku mwekundu ameangua. Vifaranga kumi, yai moja bovu.

Dada ya Mzee amekuja na mdomo wake. Ameshasikia. Ati nimemwita mkwe jina, ati nimeshikana mikono, ati nimesimama bila leso barabarani kama mwendawazimu. Ati lazima nitoe kitu kufuta aibu hiyo, la sivyo mtoto atakuwa mgonjwa. Nimemwuliza, yeye alikuwa wapi Malakisi mwaka jana na heshima yake? Akanywa chai akaenda. Sukari amemaliza.

Lakini desturi ni desturi. Nimefikiria nitoe nini.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimehamisha kuku na watoto wake kwa kikapu. Nimechukua lile sanduku la gari. Lilikuwa limejaa kinyesi, manyoya na maganda. Nimeliosha na maji moto na majivu, nikasugua kila kona na kijiti kilichofungwa kitambaa. Nimelianika juani mvua ilipopumzika, nikalipangusa tena.

Jioni kabla Barasa hajafika nimeliweka juu ya boneti. Nikaingia jikoni.

Nilimsikia akiligeuza. Halafu nikasikia spana.

Mzee amehuzunika. Anasema gari sasa itatembea kama mzee. Nimemwambia ndiyo, na wazee wanafika.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua asubuhi. Nimekamua. Ng'ombe ametulia, ametoa ndoo karibu ijae.

Chujio lilikuwa limetundikwa kwa msumari wake. Limesuguliwa mpaka linang'aa. Ukingo umepinda kidogo na waya mmoja umekatika, pale jiwe liligonga. Leso imekunjwa chini yake. Ina mafuta ya injini, haitatoka.

Paipu ameiweka juu ya dari ya kibanda, ati mpaka Desemba. Naiona kutoka dirishani. Ni upuzi. Nitasema hivyo mpaka nizeeke.

Nanjala amelala. Nafula alikuwa macho, nimekaa naye jikoni. Barasa alipita kukagua gari kabla ya kazi. Siku zote anapita kimya. Leo amesimama upande wa pili wa ukuta wa mbao.

"Mama, mmeamkaje?"

Sikugeuka. Nilikuwa namwaga maziwa.

"Tumeamka salama," nikasema. "Chai iko."

Nimechuja na chujio langu. Hakuna unywele.